Osteopathi Uingereza: kusajiliwa ni jambo moja, tiba kuthibitika ni jingine

Mkuu, nimesoma swali lako na majibu yote yaliyofuata. Unasema mdogo wako amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB, amepata nafasi ya kusoma osteopathi (tiba ya mgongo, viungo na misuli kwa mikono) Uingereza kwa miaka minne, na mzee anataka kujua kabla hajauza kiwanja: hii ni kazi inayotambulika, au ni uganga uliovalishwa koti jeupe? Mmoja akakujibu ni utapeli mtupu, haina utafiti wowote. Mwingine akasema hao ni madaktari kamili, amewaona Marekani wakipasua watu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, kazi hii nimeisomea London na ninaifanyia Leicester, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu. Mniwie radhi kwa urefu, lakini kiwanja cha mzee si jambo la kujibiwa kwa mistari miwili.

Uingereza, osteopathi ni taaluma halali. Ina sheria yake iliyopitishwa na bunge, ina baraza lake, na anayejiita mtaalamu wa osteopathi bila kusajiliwa anatenda kosa la jinai. Kwa hiyo aliyesema ni utapeli amekosea. Lakini sheria hiyo haikupitishwa kwa sababu kuna mtu alithibitisha kwamba kila tunachokifanya kinaponya. Ilipitishwa ili kumlinda mgonjwa. Tiba zenyewe zimepimwa kwa utafiti, na majibu yake ni ya wastani: yapo maeneo tunasaidia kiasi, yapo ambayo hakijaonekana kitu. Leseni ya udereva inasema umefuzu kuendesha, haisemi kwamba barabara uliyoishika inafika unakokwenda. Anayeingia kwenye kazi hii bila kutenganisha mambo hayo mawili ataishia ama kuwadanganya wagonjwa, ama kukata tamaa mwaka wa tatu akiwa na deni la ada.

Hilo la Marekani nilimalize haraka. Aliyeanzisha osteopathi ni daktari wa Missouri, Andrew Taylor Still. Mwaka 1864 alifiwa na watoto watatu kwa homa ya uti wa mgongo, akapoteza imani na dawa za zama zile, ambazo nyingi kweli zilikuwa sumu. Mwaka 1874 akatangaza mafundisho yake, na 1892 akafungua chuo katika mji wa Kirksville. Kule Marekani vyuo vyake vilisogea hatua kwa hatua kuelekea udaktari wa kawaida, mpaka leo mwenye shahada ya DO, yaani udaktari wa osteopathi, ni daktari kamili: anaandika dawa, anafanya upasuaji, anaongoza wodi. Uingereza njia ilikuwa nyingine. John Martin Littlejohn, Mskoti aliyefundishwa Marekani, alianzisha chuo London mwaka 1917, na taaluma ikabaki nje ya udaktari. Mdogo wako akihitimu Uingereza hatakuwa daktari. Hataandika dawa, hatapasua mtu, na akirudi nyumbani hawezi kwenda baraza la madaktari akaomba leseni. Mwambieni mzee hilo mapema, kwa maneno hayohayo, maana nimeona familia iliyosomesha mtoto ikiamini inasomesha daktari, na ugomvi uliofuata haukuwa mdogo.

Sasa sheria. Wenzetu wa zamani walijaribu kuipata mwaka 1935. Muswada ulifika kwenye kamati ya House of Lords, baraza la juu la bunge la Uingereza, Littlejohn akahojiwa vikali kuhusu chuo chake na sifa zake, na mambo yakaharibika hadharani. Ikapita karibu miaka sitini. Osteopaths Act ikapitishwa 1993, General Osteopathic Council, ambalo nitaliita Baraza, likafungua daftari la usajili 1998, na kuanzia Mei 2000 jina likalindwa kabisa. Juu ya Baraza kuna Professional Standards Authority, chombo kilekile kinachosimamia mabaraza ya madaktari na wauguzi. Hilo si jambo dogo. Mgonjwa akidhulumiwa ana pa kwenda, na Baraza linaweza kukuonya, kukuwekea masharti, kukusimamisha au kukufuta.

Ila angalieni kilicholindwa. Kilicholindwa ni jina, si mikono. Mtu yeyote Uingereza anaweza kufungua chumba, akachua migongo na kualisha shingo za watu, mradi asijiite mtaalamu wa osteopathi wala asichukue jina jingine linalolindwa, kama la fiziotherapia. Wagonjwa wengi hawalijui hili. Wanadhani sheria imeruhusu kitendo kwa waliosoma na kukikataza kwa wengine. Na upande wa pili, wakiona cheti cha Baraza ukutani wanadhani serikali imeikagua tiba yenyewe na kuipa muhuri. Mimi huwa nawaeleza wazi wakiuliza: Baraza limenikagua mimi, elimu yangu, bima yangu na mwenendo wangu.

Na wanakukagua kweli. Bima ni lazima, bila hiyo huwezi kubaki kwenye daftari. Ada kamili ya Baraza kwa miaka mingi ilikuwa pauni 570 kwa mwaka, waliohitimu karibuni hulipa pungufu. Kila miaka mitatu unatakiwa uwe umefanya saa 90 za kujiendeleza, angalau nusu yake ukiwa pamoja na wenzako na si peke yako na kompyuta. Ndani ya saa hizo lazima uguse mawasiliano na ridhaa ya mgonjwa, lazima ufanye zoezi moja la kuipima kazi yako mwenyewe, iwe maoni ya wagonjwa au ukaguzi wa mafaili, na mwisho ukae na mwenzako mzungumzie yote hayo kwa mfumo uliowekwa. Mafaili ya wagonjwa yanatunzwa miaka minane, ya watoto mpaka wafikishe miaka 25. Viwango vya kazi vinavyotumika vilianza Septemba 2019.

Mwanzoni nilikuwa naona haya yote ni makaratasi. Miaka ya kazi imenifanya niyapende, na hasa hilo la ridhaa, maana ndipo nilipoona kwamba kanuni inaweza kuifanya tiba iwe ya heshima. Mwaka 2015 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kesi ya Montgomery, ya mama mwenye kisukari ambaye hakuelezwa hatari ya kujifungua kwa njia ya kawaida, na mtoto akaumia. Mahakama ikasema kipimo si kile ambacho madaktari wenzako wangeamua kumwambia mgonjwa. Kipimo ni kile ambacho mgonjwa huyu, mwenye maisha haya, angeona kina uzito kwake. Kesi ile ilikuwa ya daktari wa uzazi, lakini imeingia kwenye kila chumba cha tiba, pamoja na changu.

Niwaonyeshe inavyokuwa. Alikuja mzee mmoja mwenye asili ya Unguja, dereva mstaafu, shingo imekaza hawezi kugeuka upande wa kulia. Nimeyabadilisha mambo kadhaa ili asijulikane.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Pingili ya shingo imetoka mahali pake. Irudishe tu, hayo maneno mengi tutazungumza ikishakaa."

Sikumgusa kwanza. Nilimuuliza kuhusu kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, shida ya kumeza au kutamka, ganzi mikononi, kuanguka, kupungua uzito, sigara. Nikampima presha, ilikuwa juu kuliko inavyopaswa. Nikapima nguvu za mikono na mishipa ya fahamu. Hapo ndipo nikamwambia: mzee, sioni dalili kwamba pingili imetoka, na ingekuwa imetoka kweli ungekuwa hospitali, si hapa kwangu. Shingo imekaza, misuli inailinda. Njia ziko tatu. Kuna ile ya kusukuma kwa ghafla mpaka isikike mlio. Kuna ya kunyoosha na kuzungusha polepole. Kuna ya mazoezi na kusubiri, kwa sababu maumivu ya namna hii mara nyingi hupungua yenyewe ndani ya wiki chache. Ile ya kwanza imehusishwa, kwa nadra sana, na kuchanika kwa mshipa wa damu wa shingo, na mshipa huo ukichanika mtu anaweza kupata kiharusi. Ni nadra, lakini likitokea ni kubwa, kwa hiyo lazima ulijue.

Akanyamaza kidogo, akaniuliza swali ambalo wagonjwa wetu wa pwani huuliza mara nyingi kuliko Waingereza: "Angekuwa baba yako ungemfanyia ipi?"

Nikamjibu kwamba baba yangu nisingemsukuma shingo, kwa presha hii, wakati njia ya pole inatoa nafuu inayokaribiana. Akachagua ya pole pamoja na mazoezi. Nikayaandika yote kwenye faili: nilichouliza, nilichomweleza, alichosema, alichochagua, na barua kwa daktari wake kuhusu presha. Baada ya wiki mbili akageuka pande zote, akanishukuru kwa dua ndefu.

Na hapa, wakuu, ndipo swali la ushahidi linapoanza. Je, mikono yangu ndiyo iliyomponya? Sijui, na hakuna awezaye kujua kwa mgonjwa mmoja. Mtu huja kliniki siku maumivu yamefika kileleni. Kutoka kileleni njia kubwa ni kushuka, hata usipofanya kitu. Ongeza kwamba alisikilizwa kwa saa nzima na mtu anayemwamkia shikamoo, akaondolewa hofu ya pingili kutoka, akapewa mazoezi. Kila mtaalamu wa kazi yetu ana wagonjwa mia wa kumtolea ushahidi, na kila mwunga mifupa na mchuaji wa kijijini naye anao mia wake. Ndiyo maana tunahitaji majaribio yenye kundi la kulinganisha, hasa sisi tunaoshukuriwa kila siku, maana shukrani zinalevya.

Majaribio yapo, tena si machache kama mkuu mmoja alivyodai. Kubwa la Uingereza linaitwa UK BEAM, lilichapishwa 2004, wagonjwa 1,334 wenye maumivu ya kiuno na mgongo. Wote walipata huduma nzuri ya daktari wa kawaida, wengine wakaongezewa mazoezi, wengine tiba ya mikono iliyotolewa na wataalamu wa osteopathi, kiropraktiki (taaluma nyingine ya kutibu mgongo kwa mikono) na fiziotherapia kwa utaratibu mmoja waliokubaliana, wengine vyote viwili. Kipimo kilikuwa dodoso la ulemavu wa mgongo lenye alama 24. Baada ya miezi mitatu waliopata tiba ya mikono walikuwa wamewazidi wenzao wa huduma ya daktari pekee kwa alama 1.6, na baada ya mwaka kwa alama 1. Walioongezewa vyote viwili walifikia 1.9 na 1.3. Nafuu ipo. Ni ndogo. Ukiulizwa na mgonjwa, useme hivyo hivyo.

Halafu kuna la Ufaransa lililochapishwa 2021, watu 400 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Hili nalipenda kwa sababu liliuliza swali gumu zaidi. Kundi moja lilipata osteopathi ya kweli, jingine likapata miguso ya kuigiza kutoka kwa wataalamu haohao, mara sita, kila baada ya wiki mbili. Kwenye kipimo cha alama 100 tofauti baada ya miezi mitatu ilikuwa kama alama 3 na nusu kwa upande wa kufanya shughuli, na kwenye maumivu yenyewe hapakuwa na tofauti ya maana. Watafiti wenyewe waliandika kwamba faida hiyo huenda mgonjwa asiihisi maishani mwake. Siku yale matokeo yalipotoka, baadhi ya wenzangu walikasirika na kutafuta kasoro. Mimi niliitoa makala nzima kwenye karatasi, nikaenda nayo kwenye kikao chetu cha wenzangu wa kazi, tukakaa nayo jioni nzima. Hoja iliyonikaa ni hii: kama mguso wa kuigiza unafika karibu sana na mguso wa kweli, basi sehemu kubwa ya tunachotoa haimo kwenye ufundi wa kusukuma pingili fulani kwa pembe fulani. Imo kwenye uchunguzi mzuri, maelezo yasiyotisha, kumrudisha mtu kwenye kutembea na kufanya kazi. Na huo mlio ambao watu wanalipia? Mwaka 2015 watafiti wa Alberta, Kanada, walipiga picha za MRI vidole vikiwa vinavutwa, wakaona ni uwazi wa gesi unaojitengeneza ndani ya maji ya kiungo pale mifupa inapoachana. Hakuna mfupa uliorudi mahali pake.

Taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, ilifikia karibu na hapo mwaka 2016. Kwa maumivu ya kiuno na yale ya kushuka mguuni inasema tiba ya mikono inaweza kufikiriwa, lakini iwe sehemu tu ya mpango wenye mazoezi, isisimame peke yake. Mimi nafanya kazi hivyo. Mgonjwa ambaye hataki mazoezi, anataka kulala kitandani nimbonyeze kila Alhamisi mpaka Mungu atakapomchukua, namweleza kwa upole kwamba pesa yake itafanya kazi nzuri zaidi pengine.

Kuna sehemu ya taaluma yetu inayoniuma, nayo nitaitaja bila kuzunguka. William Garner Sutherland, mwanafunzi wa Still, alifundisha kwamba mifupa ya fuvu ina mwendo mdogo wenye mapigo, na mtaalamu anaweza kuuhisi na kuurekebisha kwa vidole. Wataalamu wawili wakipewa kichwa kimoja wapime mapigo hayo bila kuambiana, majibu yao hayalingani. Kitu ambacho wapimaji wawili hawawezi kukubaliana kwamba wamekihisi, huwezi kukijengea tiba. Hata hivyo kinauzwa, na kinauzwa zaidi kwa watu waliochoka kuliko wote, yaani wazazi wa watoto wachanga wanaolia usiku kucha. Mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, kuhusu tiba za mikono kwa watoto wenye msokoto wa tumbo yalipata majaribio sita tu, watoto 325, mengi yakiwa na kasoro ile ile: wazazi waliojaza daftari la kilio walikuwa wanajua mtoto wao ametibiwa. Walipohesabu yale ambayo wazazi hawakujua, nafuu haikuwa ya kutegemewa. Na msokoto huo huisha wenyewe kwa watoto wengi wakifika miezi mitatu minne.

Chombo kinachosimamia matangazo Uingereza, Advertising Standards Authority, kiliweka mwongozo mwaka 2016 kuhusu madai yetu kwa wajawazito, watoto na wachanga. Unaruhusiwa kusema unawahudumia. Huruhusiwi kutangaza kwamba unatibu msokoto, au kwamba unarekebisha kiwewe cha kuzaliwa. Kwa watu wazima kuna orodha ya mambo unayoweza kutaja, kama maumivu ya mgongo na shingo ya kawaida, maumivu ya kichwa yanayotokana na shingo, na maumivu ya nyonga na goti la kusagika kama nyongeza ya mazoezi na tiba kuu. Baraza nalo lilituandikia kwamba kukiuka hayo kunaweza kuwa suala la nidhamu. Wapo waliolalamika kwamba wanabanwa. Mimi naona mama aliyekesha miezi miwili anastahili kulindwa dhidi ya maneno matamu ya mtu mwenye cheti ukutani, tena kuliko anavyostahili kulindwa dhidi ya asiye nacho, kwa sababu cheti ndicho kilichomfanya aamini.

Na shinikizo la pesa lipo. Kliniki moja niliyowahi kuifanyia kazi, sitaitaja, ilitaka kila mgonjwa mpya aondoke ameweka miadi kadhaa ya mbele na kuilipia papo hapo, hata yule ambaye ningemwona mara mbili akatosha. Tulikuwa tunapangwa kwenye jedwali kwa wastani wa mara anazorudi mgonjwa. Niliuliza kwenye kikao jedwali hilo linapima nini, nikaambiwa linapima uaminifu wa mteja. Niliondoka. Nakutajia hili, mkuu, kwa sababu mdogo wako atakutana nalo mapema, na mtu mwenye deni la ada na kodi ya nyumba hana ujasiri wa kuondoka kama mwenye akiba.

Nisije nikaonekana naibomoa kazi yangu. Naipenda, na kuna siku inaonekana thamani yake yote. Dada mmoja anayesambaza vifurushi alikuja na maumivu ya kiuno yanayoshuka miguu yote miwili. Watu wawili walikuwa wameshamchua. Nilipomuuliza kuhusu haja ndogo alicheka kwa aibu, akasema tangu jana hajui kama kibofu kimejaa, na akijifuta chooni hahisi vizuri. Hicho ni kisa cha dharura: diski inaweza kuwa inabana fungu la mishipa ya fahamu mwishoni mwa uti wa mgongo, na saa zinavyopita anaweza kubaki na kibofu kisichofanya kazi maisha yake yote. Sikumlaza kitandani. Niliandika barua pale pale, nikapiga simu idara ya dharura, akaenda na dadake. Alifanyiwa upasuaji. Siku ile sikutumia mikono kabisa, na ndiyo huduma bora niliyowahi kutoa. Kozi ya Uingereza ina angalau saa 1,000 za kliniki chini ya usimamizi, na kwa maoni yangu maswali ya namna hii ndiyo sehemu yenye thamani kubwa ndani yake.

Kuna na mambo madogo ya kila siku. Desturi ya zamani ya vyuo vyetu ni mgonjwa avue abaki na nguo za ndani ili uone mgongo wote. Kwa mama wa Kisomali au bibi wa Lamu hilo halipo. Nimeweka khanga safi kwenye droo, nafunua sehemu ninayoigusa tu, naeleza kabla ya kila hatua, na naweka wazi kwamba anaweza kuwa na mtu wake chumbani. Malalamiko mazito yanayofika Baraza mara nyingi hayahusu mfupa kuvunjika. Yanahusu mtu kuguswa mahali asipotarajia, au kutoelezwa.

Turudi kwenye kiwanja, mkuu, maana najua ndicho kilichokuleta.

Kazi zipo, lakini karibu zote ni binafsi. NHS ya England, yaani huduma ya afya ya umma, imetuweka kwenye kundi la fani shirikishi za afya tangu 2017, ila waliopata ajira huko ni wachache. Kawaida unapewa chumba kwenye kliniki ya mtu, unajitegemea, mnagawana malipo ya mgonjwa kwa asilimia. Ukiumwa huna mshahara. Ukienda nyumbani kumzika mtu, hulipwi. Pensheni ni yako na Mungu wako. Vidole gumba na kiuno chako ndicho kitendea kazi, na wenzangu kadhaa wameacha kabla ya miaka hamsini kwa sababu hiyo. Miaka miwili ya kwanza wagonjwa ni wa kuokoteza.

Sasa weka viza juu yake, maana hapa ndipo wanafunzi wetu wengi wanaponaswa. Viza ya kazi ya Uingereza inataka mwajiri mwenye leseni ya kukudhamini na kukulipa mshahara unaofikia kiwango. Taaluma yetu imejengwa juu ya watu wanaojiajiri. Kliniki ya vyumba vitatu haina leseni hiyo na haiitaki. Viza ya wahitimu hukuruhusu kujiajiri kwa muda, lakini ni mfupi na umekuwa ukipunguzwa. Kama mdogo wako hana uraia au ukazi, msiuze kiwanja mkitegemea kwamba atabaki Uingereza kwa njia hii.

Na akirudi? Kenya kuna Physiotherapists Act ya 2014 na baraza lake, na shahada ya osteopathi haimfanyi mtu kuwa mtaalamu wa fiziotherapia. Tanzania kuna sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002, ambayo ni mlango mwingine kabisa na hadhi nyingine kabisa hospitalini. Kabla ya kulipa chochote, andikeni barua kwa wizara na kwa baraza husika la nchi anayotaka kufanyia kazi, muulize kwa maandishi: mwenye shahada hii atasajiliwa wapi, kwa jina gani, na ataruhusiwa kufanya nini? Mkikosa jibu la maandishi, hilo nalo ni jibu. Kama nia yake ni kufanya kazi hospitali za kwetu, ningemwelekeza fiziotherapia. Hospitali ya KCMC Moshi wanaifundisha, Kenya chuo cha tiba cha KMTC wanaifundisha, ada ni ndogo mno ukilinganisha, kazi ya mikono imo ndani yake, na ajira ya hospitali inajulikana. Akitaka Uingereza baadaye, wataalamu wa fiziotherapia huajiriwa na NHS, ambayo ndiyo yenye leseni ya kudhamini.

Kama bado moyo wake uko kwenye osteopathi, na ana namna ya kuishi Uingereza, basi aje, na atakuwa na mtu wa kumpokea. Aje akiwa tayari kusoma utafiti unaompinga. Barua ya nafasi aliyoipata, angalieni jina la chuo na jina la kozi, mlinganishe na orodha ya kozi zinazotambuliwa kwenye tovuti ya Baraza, neno kwa neno. Vyuo hubadilika majina: kile cha Littlejohn kimekuwa University College of Osteopathy mwaka 2017, na tangu 2024 kimo ndani ya Health Sciences University. Zipo na kozi za miezi michache zinazotumia maneno yanayofanana, na hizo hazimfikishi mtu kwenye daftari la Baraza. Kozi yake isipokuwa kwenye orodha ile, msilipe hata amana. Ikiwemo, nitumie ujumbe wa ndani nikueleze usaili wao unavyokuwa.